Mabao Machache, Nafasi Nyingi: Hesabu za Timu Isiyoshinda

Timu inayocheza mechi mfululizo bila kushinda hufunguliwa mashtaka mawili na mashabiki wake. La kwanza ni la washambuliaji: hawafungi. La pili ni la kipa na mabeki: wanafungwa mabao ya bure. Januari 2024, wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika kule Côte d'Ivoire, Léopards, timu ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walishtakiwa yote mawili kwa wakati mmoja. Katika miji ya Kivu Kusini, mashariki mwa nchi, kama Baraka na Fizi, mechi iliyoanza saa 2 usiku San Pédro ilionekana saa 4 usiku kwa saa za huko, na mabishano yakaendelea hadi usiku wa manane, jenereta ya ukumbi wa video ikiwa imeshazimwa.

Rekodi yenyewe iliwapa wakosoaji wa timu hoja nzito. Tarehe 17 Januari, sare ya 1-1 na Zambia. Tarehe 21, sare ya 1-1 na Moroko. Tarehe 24, mjini Korhogo, sare ya 0-0 na Tanzania. Mechi tatu, mabao mawili, ushindi hakuna. Pointi tatu zilitosha kushika nafasi ya pili katika kundi, kwa kuwa Zambia na Tanzania zilimaliza na pointi mbili kila moja, lakini timu inayopita bila kushinda haimridhishi shabiki. Swali la kisayansi ni hili: mechi tatu za namna hiyo zinaeleza kiasi gani kuhusu ubora wa timu?

Jibu linaanzia kwenye uchache wa mabao. Katika ligi kubwa za dunia mechi moja huzaa wastani wa mabao 3 hivi tu, ya timu zote mbili yakijumlishwa. Tukio adimu kama hilo hufuata kwa ukaribu mkubwa kanuni iliyochapishwa mwaka 1837 na mwanahisabati Mfaransa Siméon Denis Poisson. Ichukuliwe timu ambayo, kwa nafasi inazotengeneza, inastahili kufunga wastani wa bao 1.5 kwa mechi, ikicheza na timu inayostahili bao 1. Ya kwanza ni bora, na pengo lao ni kubwa. Hata hivyo hesabu ya Poisson inaonyesha kwamba itashinda mara 49 tu katika kila 100, itatoka sare mara 26, na itafungwa mara 25. Mara 22 katika 100 haitapata bao hata moja. Ikicheza mechi tatu za aina hiyo, uwezekano wa kutoshinda hata moja ni asilimia 13, yaani zaidi ya mara moja katika kila nane. Mashindano ya Afrika yana timu 24, kwa hiyo timu nzuri inayomaliza makundi bila ushindi haipaswi kumshangaza mtu.

Wavuvi wa ndagala wa upande wa Ubwari, katika Ziwa Tanganyika, wanaijua hali hii bila kalamu: usiku mmoja wa nyavu nyepesi hautoshi kuihukumu sehemu ya ziwa, kwa maana mwezi, upepo na bahati vyote vimetia mkono. Ndiyo sababu watafiti wa kandanda wameacha kuhesabu mabao peke yake na kuanza kupima nafasi. Kila shuti hupewa thamani kati ya 0 na 1, kulingana na uwiano wa mashuti kama hilo yaliyowahi kuingia. Jumla yake huitwa mabao yanayotarajiwa. Umbali na pembe ndivyo vinavyotawala. Lango lina upana wa mita 7.32, mpigaji aliye mita 11 mbele yake huliona likifunguka kwa nyuzi 37 hivi, lakini akirudi nyuma hadi mita 25 zinabaki nyuzi 17, tena mabeki wakiwa wamesimama katikati. Kwa jumla, katika mashuti 10 huingia moja hivi.

Mechi mbili za kwanza za Léopards zinafaa kutazamwa kwa kipimo hicho. Dhidi ya Zambia, dakika ya 23, kipa Lionel Mpasi alitoka langoni kwenda kuondoa mpira kwa kichwa. Ulimwangukia Kings Kangwa, naye akaupiga kutoka mbali ukaingia katika lango tupu. Shuti la umbali ule kwa kawaida lina thamani ndogo mno, ila hapa kipa hakuwepo, na kipimo kinachohesabu umbali pekee kingepotosha. Yoane Wissa alisawazisha dakika nne baadaye. Dhidi ya Moroko, baada ya Achraf Hakimi kufunga mapema, Cédric Bakambu alipiga penalti ikagonga nguzo. Penalti ina thamani ya bao 0.75 au zaidi kidogo, maana yake mpigaji hodari pia hukosa moja kati ya nne. Bao la Silas Katompa la dakika ya 76 liliokoa sare, lakini jina la Bakambu lilibaki midomoni mwa watu kwa siku nyingi. Lawama hiyo ilikuwa nzito kuliko kosa. Timu inayofika kwenye penalti mbele ya Moroko, waliocheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2022, imeshafanya sehemu ngumu ya kazi.

Upande wa ulinzi ni mgumu zaidi kuupima, na hapa besiboli ya Marekani imetoa somo lenye faida. Katika mchezo huo mrushaji hutupa mpira na mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo. Timu inapoyumba, mashabiki hubishana kama tatizo ni warushaji au wapigaji. Kila timu ya ligi kuu hucheza mechi 162 kwa msimu, kwa hiyo takwimu ni tele. Mwaka 2001 mtafiti Voros McCracken alionyesha kwamba mpira ukishapigwa ukabaki uwanjani, warushaji hutofautiana kidogo sana katika kuuzuia usizae matunda kwa mpinzani. Mengi huamuliwa na walinzi walio nyuma yao na bahati. Kipa wa kandanda yuko katika hali inayokaribiana na hiyo. Hupigiwa mashuti machache tu yanayolenga lango katika mechi moja, na namba za wiki chache haziwezi kutenganisha uhodari wake na ubovu wa mabeki.

Mpasi, aliyeacha lango tupu dhidi ya Zambia, ni mfano ulio hai. Tarehe 28 Januari, katika hatua ya mtoano dhidi ya Misri, mechi ilikwisha 1-1 hata baada ya dakika za nyongeza. Katika mikwaju ya penalti kipa wa Misri, Mohamed Abou Gabal, aligonga mwamba. Mpasi akaja akafunga, Kongo ikapita 8-7. Huko Baraka ilikuwa imeshapita saa 6 usiku. Siku tano baadaye Guinea ilifungwa 3-1, na timu iliyokuwa haijui kushinda ikawa katika nusu fainali. Wenyeji waliifunga 1-0 tarehe 7 Februari kwa bao la Sébastien Haller, kisha Afrika Kusini ikaishinda kwa penalti katika mechi ya mshindi wa tatu. Kabla ya nusu fainali, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kwenye panja kama bastola, kwa ajili ya watu wanaouawa mashariki mwa nchi. Kwa wakazi wa Kivu Kusini ishara hiyo ilikuwa na uzito kuliko matokeo yoyote.

Ikumbukwe pia njia waliyopitia. Katika mechi za kufuzu, Juni 2022, Kongo ilifungwa na Gabon na Sudan, kocha Héctor Cúper akaondoka, Sébastien Desabre akachukua nafasi yake Agosti, na timu ikamaliza kileleni mwa kundi. Desabre anastahili sifa. Lakini takwimu zinaonya kwamba kocha hufukuzwa matokeo yakiwa chini kabisa, na kutoka chini kabisa timu nyingi hupanda zenyewe kurudi kwenye wastani wake. Kupima mchango wa kocha mpya kunahitaji kulinganisha nafasi zilizotengenezwa kabla na baada yake.

Bahati ina mipaka. Tarehe 18 Juni 1974, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mabingwa wa Afrika wa mwaka uleule, walifungwa 9-0 na Yugoslavia katika Kombe la Dunia. Hakuna hesabu ya Poisson inayoweza kuita hiyo ajali. Wachezaji walikuwa wamevunjika moyo kwa malipo waliyoahidiwa wasiyapate, na kipa Kazadi aliondolewa uwanjani mabao yakiwa matatu tu. Tofauti ikiwa kubwa kiasi hicho, mechi moja inatosha kuonyesha kwamba kuna jambo limeharibika.

Kupima nafasi hakuhitaji kompyuta. Machi 1950, katika mechi ya Swindon Town, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza, Charles Reep, alianza kuandika kila shambulio kwa penseli, na mwaka 1968 yeye na mwanatakwimu Bernard Benjamin walichapisha matokeo ya mamia ya mechi. Kocha wa timu ya mtaa kule Baraka anaweza kufanya vivyo hivyo kwa daftari la shule: achore uwanja nusu, aweke alama mahali kila shuti lilipopigwa, aandike kama ni kwa mguu au kichwa, mabeki wangapi walikuwa mbele, na kama kipa alikuwa mahali pake. Timu zote mbili ziandikwe, si moja. Mechi 10 za alama hizo zitamwonyesha kama washambuliaji hawafikishiwi mipira au wanaikosa, na kama kipa anapigiwa mashuti ya mbali au anaachwa peke yake na mshambuliaji.