Vita vya Biafra: Nguvu na Taabu za Kila Upande

Wasomaji wetu wenye umri mkubwa watakumbuka jina la Biafra lilivyotajwa redioni. Tanzania ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitambua kama nchi, tarehe 13 Aprili 1968. Je, vita vile vilipiganwaje?

Mwaka 1966 serikali ya Nigeria ilipinduliwa mara mbili, na Waibo wengi wakauawa huko Kaskazini. Waliosalia wakakimbilia kwao Mashariki. Tarehe 30 Mei 1967 Kanali Ojukwu akatangaza kwamba Mashariki imejitenga na kuitwa Biafra. Vita vikaanza Julai.

Upande wa serikali, chini ya Jenerali Gowon, ulikuwa na watu wengi, manowari, na silaha kutoka Uingereza na Urusi. Mbinu yake kubwa ilikuwa kuizingira Biafra: kufunga bahari, kuteka bandari, halafu kusogea ndani polepole. Port Harcourt ilitekwa Mei 1968. Tena mwanzoni mwa mwaka huo serikali ilibadilisha noti, na fedha iliyokuwa mikononi mwa Biafra ikawa makaratasi tu. Hilo nalo ni pigo, tena bila risasi!

Lakini upande huo nao ulipata taabu. Askari wengi walikuwa wapya, hawajafunzwa vizuri. Walijaribu kuvuka Mto Niger kwa mashua kwenda Onitsha, wakarudishwa kwa hasara kubwa. Na Machi 1968 msafara wao wa magari uliviziwa huko Abagana ukateketea.

Biafra ilikuwa na nini basi? Ilikuwa na watu waliosoma, na watu walioamini kwamba wakishindwa watamalizwa. Mafundi wao walitengeneza mabomu yao wenyewe, yaliyoitwa ogbunigwe, na kusafisha mafuta ya petroli kwa mitambo ya kuungaunga. Huko Uli waligeuza barabara kuu kuwa uwanja wa ndege. Ndege zilitua usiku. Taa ziliwashwa kidogo tu, zikazimwa upesi zisije zikapigwa mabomu.

Ila tumbo halingojei. Chumvi ilikuwa adimu, nyama na samaki hakuna. Watoto walikula mihogo mitupu, wakavimba miguu na nywele zikabadilika rangi. Huo ndio unyafuzi, ugonjwa tunaoufahamu hata vijijini kwetu. Hesabu za waliokufa hutofautiana, kuanzia laki tano hadi milioni tatu, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa njaa. Kwa maoni yetu, kuwanyima watoto chakula si mbinu ya kusifiwa, hata kama ilileta ushindi. Lakini Ojukwu naye alikataa chakula kisipitie barabara za adui, akiogopa sumu na hila, na waliolipa ni watoto wale wale.

Ojukwu aliondoka Januari 1970, na tarehe 15 Biafra ikasalimu amri. Gowon alisema hakuna mshindi wala mshindwa. Hata hivyo, Mwibo aliyekuwa na akiba benki alilipwa paundi 20 tu, hata kama alikuwa ameweka maelfu.