Habari za Mchezo wa "The Chosen" na Hukumu za Wakosoaji



Wasomaji wapenzi, siku moja katika darasa la mafundisho niliwauliza watoto, "Twajua nini juu ya Mathayo kabla hajaitwa na Bwana?" Nilitazamia jibu la siku zote, kwamba alikuwa mtoza ushuru, ameketi forodhani, akaitwa, akaondoka, akafuata. Kijana mmoja akasimama kwa furaha, akasema, "Mwalimu, Mathayo alikuwa mtu wa hesabu sana, hana rafiki hata mmoja, tena alichukia uchafu, akipita njiani huziba pua kwa kitambaa." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nikamwuliza, "Umeyasoma wapi hayo?" Akajibu, "Sikuyasoma, Mwalimu. Nimemwona."

Neno lile lilinikaa moyoni mchana kutwa. Jioni nikaenda kwao. Baba yake ni mtu mwema, asiyekosa Misa, naye alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akasema, "Mwalimu, mimi si mtu wa kuwaachia watoto kila upuuzi wa televisheni. Kabla sijawaruhusu kutazama mchezo ule, nalitafuta kwanza wajuzi wamesema nini." Akatoa simu yake, akanionyesha hesabu iliyokaribia mia kwa mia. "Katika mitihani yako, Mwalimu, nani hupata hivi?" Nami sikuwa na la kujibu. Nikarudi nyumbani, nikaanza kutafuta habari za mchezo ule na za hao wauhukumuo, kisha nikautazama mwenyewe. Niliyoyapata nayaandika hapa, maana swali la baba yule najua limo katika nyumba nyingi.

Mchezo wenyewe waitwa "The Chosen", yaani Wateule. Ni mchezo wa mfululizo wa Kimarekani juu ya Bwana wetu na wafuasi wake, nao umekusudiwa kuwa wa misimu saba. Aliyeuanzisha ni Dallas Jenkins. Mtu huyu alitoa sinema mwezi wa Januari 2017, nayo haikupata watazamaji wa kutosha. Katika huzuni ile akatengeneza picha fupi ya kuzaliwa kwa Bwana, ya kuonyeshwa kanisani kwake Noeli ya mwaka uo huo, akaipiga katika shamba la rafiki yake huko Illinois. Picha ile ikaenea, na watu wakaombwa kutoa fedha ili ufanywe mchezo mzima. Zaidi ya watu 16,000 wakatoa zaidi ya dola milioni 10, si kama sadaka, bali kama wenye hisa. Basi sehemu za kwanza zikatoka mwaka 2019, na watu wakaweza kuzitazama bure katika simu. Ndiyo sababu mchezo ule umefika hata katika nyumba zetu, ambazo hazina fedha za kulipia televisheni ya kila mwezi.

Sasa turudi kwenye ile hesabu ya mia. Huko Marekani iko tovuti iitwayo Rotten Tomatoes, maana yake Nyanya Zilizooza, kwa kuwa zamani mchezaji mbaya alitupiwa nyanya jukwaani. Ilianza mwaka 1998. Kazi yake ni kukusanya maneno ya wakosoaji, yaani watu ambao kazi yao ni kutazama michezo mipya na kuandika kama yafaa kutazamwa au haifai. Kila mkosoaji huhesabiwa kuwa amekubali au amekataa. Mchezo ukikubaliwa na 60 katika mia au zaidi, hupewa nyanya nyekundu. Ukipungukiwa, hupewa nyanya ya kijani iliyopasuka. Pembeni iko hesabu nyingine, ya watazamaji wa kawaida, na hii ndiyo aliyonionyesha baba yule, ingawa mwenyewe alidhani ni ya wajuzi.

Walimu wenzangu, tusikilize vizuri hapa, kwa sababu macho yetu yamezoea alama za mitihani na yatatudanganya. Tuseme watu 10 wameonja mchuzi wa mama mmoja, na wote wasema, "Si mbaya, unalika." Mchuzi ule umepata 100 kwa 100. Wakaonja mchuzi wa mama wa pili. Watu 7 wasema hawajapata kuonja mtamu kama huu tangu kuzaliwa, na 3 wasema pilipili imezidi. Huu umepata 70. Je, upi ni bora? Hesabu ile haisemi mchezo ni mzuri kiasi gani. Yasema tu ni wangapi hawakuukataa. Tena hao watazamaji ni nani? Kwa kawaida aandikaye ni yule aliyependa sana au aliyechukia sana, na katika mchezo huu wengi walitoa fedha zao mfukoni ili ufanyike. Mzazi hamwiti mtoto wake mbaya.

Hata wakosoaji wenyewe wana mipaka, wala siandiki hivi kwa kuwadharau. Kazi yao ni kubwa. Mwaka 2022 peke yake ilihesabiwa michezo ya mfululizo 599 huko Marekani, na mwaka 2023 ikawa 516. Hakuna mtu awezaye kuitazama yote, basi lazima wawepo wa kutangulia kuonja. Lakini desturi ni kwamba wenye mchezo huwapelekea wakosoaji sehemu chache za mwanzo, nao huandika kabla watu hawajaona. Kwa hiyo hukumu ya mchezo mzima mara nyingi ni hukumu ya mlango tu, na mwandishi hajaingia vyumbani. "Star Trek" ilipoanza mwezi wa Septemba 1966, gazeti la Variety, lenye sifa kubwa katika mambo haya, lilisema mchezo ule hautafaa. Ukaishi misimu mitatu, kisha ukazaa michezo mingine na sinema nyingi hata leo.

Mtu akitazama sehemu ya kwanza ya "The Chosen", ataona jinsi kosa la namna hiyo lilivyo rahisi. Karibu saa nzima yapita na Bwana hajaonekana. Twaona deni la Simoni, twamwona Nikodemo akishindwa kumtoa mwanamke pepo, twamwona Mathayo na kitambaa chake. Nilianza kuchoka, nikamwambia mama watoto, "Hawa wanazungukazunguka." Ndipo mwishoni Bwana akatokea, akamwita yule mwanamke kwa jina lake la kweli, Maria, kwa maneno ya nabii Isaya aliyofundishwa na baba yake utotoni. Mama watoto akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Mimi nami sikusema neno.

Wakosoaji wa magazeti makubwa walikawia kuusemea mchezo huu. Mwaka 2021 Chris DeVille aliandika katika gazeti la The Atlantic akionyesha kwamba umetazamwa na watu wengi mno bila walio nje ya makanisa kutambua. Naye, kama wengi baada yake, aliusifu kwa jambo moja hasa, kwamba wafuasi wa Bwana wamefanywa kuwa watu wenye damu na mishipa, kila mtu na tabia yake na shida zake, si sanamu za kusimama na kusema maneno matakatifu. Sifa hii ni ya haki. Ila nikaona ya kuwa kinachowafurahisha wakosoaji ndicho kile kile kilichonitia shaka darasani. Mchezo mbaya husahauliwa kesho yake. Mchezo mzuri hukaa kichwani, na huu umekaa vizuri sana, hata Mathayo wa kitambaa amemsukuma nje Mathayo wa Injili.

Nilipokuwa mtoto tuliona filamu ya "Yesu", ile ya mwaka 1979, kwa Kiswahili, juu ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Ile ilifuata Injili ya Luka, na maneno yake karibu yote yametoka humo. Tukitoka pale, tulichokiona na kilichosomwa kanisani vilikuwa kitu kimoja. "The Chosen" si hivyo, wala watengenezaji hawakuficha. Mwanzoni kabisa huweka maandishi ya kusema kwamba wameongeza watu, mazungumzo na habari za maisha ya nyuma, na kwamba watazamaji wasome Injili wenyewe. Maandishi hayo ni ya Kiingereza, nayo hupita upesi. Kijana wangu hakuyasoma.

Wakosoaji walio makanisani ndio waliokuwa wakali zaidi, na maneno yao yafaa tuyajue. Wengine walichukizwa kuona, mwishoni mwa msimu wa pili, Bwana akiyapanga maneno ya Hotuba ya Mlimani pamoja na Mathayo, kama mwalimu aandaaye somo la kesho. Wakatoliki wengine hawakupenda jinsi Bikira Maria anavyosimulia usiku wa Bethlehemu. Katika msimu wa tatu, Bwana akiwa Nazareti asema kwamba yeye ndiye sheria ya Musa. Wengi wakalalamika kwamba neno hilo limefanana na neno la kitabu cha Wamormoni, naye Jenkins akakana kulitoa humo. Mimi naona lingeachwa tu, kwa kuwa Luka sura ya 4 yatosha kwa habari ya Nazareti. Katika msimu wa nne, uliotoka mwaka 2024, mchumba wa Tomaso auawa na mkuu wa Kirumi, na watazamaji wengi waliona uchungu, kwa kuwa binti yule hayumo katika Injili hata kidogo. Hapo kwa kweli ninaungana nao. Si jambo dogo kubuni kifo, kisha kumfanya Bwana asimame mbele yake asimfufue.

Walakini si kila lililobuniwa ni sawasawa. Yakobo Mdogo katika mchezo huu ni mlemavu wa mguu, na mwigizaji mwenyewe ni mlemavu kweli. Katika msimu wa tatu, wafuasi watumwapo wawili wawili kuponya wagonjwa, Yakobo amwuliza Bwana kwa nini yeye hajaponywa. Injili haisemi kwamba Yakobo alichechemea. Lakini swali lile nimelisikia katika nyumba za wakristo wetu, mbele ya vitanda vya wagonjwa, na mara nyingi nimeondoka bila jibu. Nilipoona sehemu ile nilimfikiria mama mmoja ambaye nampelekea Komunyo, aliyelala miaka mingi. Singependa kuwanyima watu sehemu ile.

Basi nilirudi kwa baba yule, nikamwambia, "Ndugu yangu, wakosoaji wamekujibu swali lao, nalo ni kama mchezo umetengenezwa vizuri. Umetengenezwa vizuri. Swali lako wewe ni kama mwanao ameshajua Injili kiasi cha kutambua lililoongezwa. Hilo hakuna mkosoaji wa New York awezaye kulijibu, maana hamjui mwanao." Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwa haki, "Wala mimi, Mwalimu, sijui kama ningetambua." Nikamshukuru kwa neno hilo, kwa kuwa mimi mwenyewe ilinipasa kufungua Luka 8:2 ili nihakikishe Maria Magdalena ametajiwa nini. Ni pepo saba tu. Jina la Lilithi, kilabu, na mengine yote ni ya mchezo.

Tukakubaliana kutazama pamoja Jumapili alasiri nyumbani kwake, sehemu moja moja, msimu wa kwanza tu, na watoto wa jirani wakaribishwe. Kabla ya kuwasha, mtoto mmoja husoma sura ya Injili kwa sauti. Baada ya kuzima, nimetundika ubao mdogo wenye pande mbili, "Tumesoma" na "Tumeona", na watoto husema kila jambo liandikwe wapi. Siku ya kwanza walibishana mpaka giza likaingia. Kijana wa Mathayo sasa ndiye mkali kuliko wote. Baba yake akiteleza humsahihisha, kisha huomba radhi.

Jumapili iliyopita tulifika sehemu ya nane, ya mwanamke Msamaria. Tulikuwa tumesoma Yohana sura ya 4. Kijana akasimama penye ubao, akasema, "Kisima kipo, Mwalimu. Mtungi upo. Waume watano wapo. Lakini jina lake, Photina, halipo. Hilo ni la mchezo." Nikamwambia amesema kweli kwamba halipo katika Injili, ila si watu wa mchezo walioanza kumwita hivyo, Wakristo wa Mashariki wamemwita jina hilo tangu zamani sana na kumheshimu kama mtakatifu. Akabaki ameshika chaki, akitazama upande wa kuume na upande wa kushoto. "Basi, Mwalimu, niliandike wapi?"

Ikanibidi niinuke, nikachora mstari wa pili katika ubao.