Riwaya Pendwa si Riwaya ya Mapenzi

Katika maoni yatolewayo juu ya hadithi mpya za kujiburudisha, istilahi hizi mbili huchanganywa mara nyingi. Pendwa latokana na kupenda, lakini maana yake ni ile ipendwayo na wasomaji wengi. Si lazima wamo wapenzi. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) ni hadithi ya upelelezi, nayo ni pendwa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) yasimulia mapenzi ya msichana wa Ukerewe, hata ikapigwa marufuku shuleni. Walakini wahakiki huihesabu katika riwaya dhati, na ni haki yake. Mhakiki akitaja mapenzi tu, hajapima uzito wa kitabu. Sharti aonyeshe jinsi wahusika walivyojengwa na jinsi wanavyosema, maana hadithi nyepesi nazo huhifadhi Kiswahili cha mitaani kisichoingia upesi katika kamusi.