Mkataba wa walimu: mwanachama ana kura gani?

Julai 13, 2021, vyama vya walimu vilitia saini na TSC mkataba wa miaka minne usiokuwa na nyongeza ya mshahara. Uchumi ulikuwa umeyumbishwa na korona. Walimu walipata manufaa ya likizo: ya uzazi ikapanda kutoka siku 90 hadi 120, ya akina baba kutoka 14 hadi 21.

Mwalimu wa Awendo kule Migori, wa Ndhiwa kule Homa Bay na wa Garsen huku kwetu Pwani, wote walifungwa na karatasi hiyo moja. Je, ni lazima waulizwe kwanza?

Kisheria, la. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inataka mkataba uandikwe, utiwe saini na usajiliwe katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Haisemi wanachama wapige kura. Katiba ya nchi, kifungu cha 41, nayo inaacha chama kijiendeshe chenyewe.

Kwa hivyo kura ya mwalimu husafiri mbali. Yeye huchagua viongozi wa tawi, wajumbe wa matawi huchagua viongozi wa kitaifa, na hao ndio hukaa mezani na mwajiri.

Viongozi wana hoja: mazungumzo yanahitaji siri na wepesi, na walimu ni maelfu kwa maelfu. Lakini aliyechaguliwa kwa ahadi ya kuongeza mshahara hakutumwa kuuachilia. Kudai zaidi ni kazi aliyopewa. Kukubali kukosa ni uamuzi mpya, na wenye mshahara wanastahili kuulizwa.

Kura ya haki ina mambo matatu. Mkataba usomwe matawini kabla ya saini, si baada. Kura iwe ya siri, kwa kuwa mkono ulioinuliwa mbele ya katibu si huru. Hesabu ya kila tawi itangazwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Agosti 2023 mkataba huo ulifunguliwa upya, na nyongeza ya asilimia 7 hadi 10 ikapatikana. Wakati huo walimu walikuwa wamekaa miaka miwili bila kitu.

Mwalimu, omba nakala ya katiba ya chama chako. Ikiwa haitaji kura ya mkataba, peleka hoja ya kuibadilisha kwenye mkutano wa tawi, kabla mkataba mwingine haujafika mezani.