Sabuni Mpya Wodini: Ushahidi Uko Wapi?

Muuzaji wa sabuni ya dawa akifika ofisini kwa mganga mkuu, hujivunia kwamba bidhaa yake inaua asilimia 99.9 ya vijidudu. Huenda ni kweli, lakini hayo ni ya maabara. Mgonjwa aliyelala na mpira wa mkojo ana haja na jibu jingine: sabuni ikibadilishwa, watu wanaoambukizwa wakiwa wodini watapungua?

Huko Iowa, Marekani, swali hilo lilipimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992. Kwa miezi 8, wodi 3 za wagonjwa mahututi zilipokezana dawa za kunawia mikono: mwezi mmoja klorheksidini, mwezi unaofuata spiriti, na sabuni ya kawaida kwa aliyependa. Hivyo kila wodi ililinganishwa na yenyewe, jambo linaloupa utafiti huo uzito. Kati ya wagonjwa 1,894 waliohusika, yalitokea maambukizi 152 katika miezi ya klorheksidini na 202 katika miezi ya spiriti.

Ukiishia hapo, utasaini zabuni leo hii. Lakini watafiti walichunguza pia nani ananawa. Kwenye klorheksidini, wahudumu walinawa mara 42 katika kila mara 100 walizopaswa kunawa. Kwenye spiriti, mara 38. Tena kiasi cha spiriti na sabuni kilichotumika hakikufika hata nusu ya kile cha klorheksidini. Sasa, ni nguvu ya dawa iliyowaokoa wagonjwa, au ni kunawa zaidi? Watafiti wenyewe walikiri kwamba huenda kunawa kulichangia. Uaminifu wa namna hiyo ni wa kuheshimiwa sana.

Karibu na kwetu, hospitali ya Kijabe nchini Kenya ililinganisha sabuni ya kawaida na maji dhidi ya dawa ya spiriti kwa madaktari wanaojiandaa kupasua. Matokeo yalitoka mwaka 2010, baada ya wagonjwa zaidi ya 3,000: vidonda vilivyoambukizwa vilikuwa asilimia 8.0 kwa sabuni na 8.3 kwa spiriti. Hakuna tofauti ya maana. Bila shaka, pale maji yanapokatika, spiriti ndiyo mkombozi.

Kwa hiyo, mganga mkuu, kabla ya kusaini, mwulize muuzaji ni wagonjwa wangapi waliofuatiliwa, na kama kuna aliyehesabu kunawa kwenyewe. Waulize na wauguzi kama sabuni hiyo inawachubua, maana mikono inayowasha hukwepa sinki. Majibu yakikosekana, fedha hizo zitengenezee mabomba.