Mwanajeshi Mstaafu wa Garsen na Haki Yake ya Matibabu

Hospitali kuu ya jeshi la Kenya, Defence Forces Memorial Hospital, iko Nairobi. Kutoka Garsen, katika Kaunti ya Tana River, ni safari ya zaidi ya kilomita 500, iwe utapitia Hola na Garissa au utateremka Malindi hadi Mombasa ndipo ushike njia ya bara. Mto Tana ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, barabara hukatika na mgonjwa hubaki alipo. Kwa hiyo aliyestaafu jeshini akarudi kwao Tana Delta hasaidiki kwa kutajiwa hospitali ya Nairobi peke yake. Anahitaji mtu wa kumpokea katika zahanati iliyo karibu naye, tena anayejua kwamba mgonjwa huyu alikuwa askari.

Eneo hili halijawahi kuwa mbali na vita. Waitaliano walipoingia kaskazini mwa Kenya mwaka 1940, Mto Tana ulifanywa mstari wa ulinzi. Mapema 1941 majeshi yaliyokuwa chini ya Uingereza, wakiwemo askari wa Afrika Mashariki na Magharibi, yalianzia Garissa na Bura kuelekea Kismayu, mji uliotekwa Februari mwaka huo. Baada ya uhuru vilikuja vita vya shifta (waasi waliotaka kujitenga na Kenya), na Tana River ikawekwa chini ya sheria za hali ya hatari pamoja na Lamu, Isiolo, Marsabit na Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia, likapata mapigo makubwa El Adde Januari 2016 na Kulbiyow Januari 2017. Karibu zaidi na nyumbani, Operesheni Linda Boni ilianzishwa Septemba 2015 katika msitu wa Boni na maeneo ya Lamu, Garissa na Tana River. Askari wa vyeo vya chini hustaafu mapema kuliko watumishi wengi wa umma, kwa hiyo wengi wa waliopigana huko wamerudi vijijini wangali na watoto wa shule.

Wanarudi na nini mwilini? Kwanza, maumivu ya mgongo na magoti yanayotokana na miaka ya kubeba mizigo mizito. Pili, masikio yaliyoharibiwa na milio ya risasi na mabomu. Mke analalamika kwamba mzee amekuwa mkaidi, kumbe hasikii. Tatu, athari za mlipuko kwenye ubongo. Bomu la kutegwa barabarani linaweza kuutikisa ubongo bila kuacha jeraha la nje, na baadaye mtu akasumbuliwa na kichwa, kizunguzungu, kusahau na hasira za ghafla. Ukijumlisha shinikizo la damu na kisukari vinavyokuja na umri, unapata mgonjwa mwenye matatizo manne au matano, huku akitibiwa moja tu.

Tatizo linalofichwa zaidi ni kiwewe cha vita. Dalili zake ziko katika mafungu manne. Kumbukumbu za tukio humrudia mtu bila kuziita, mchana au ndotoni. Huepuka mahali, watu na mazungumzo yanayomkumbusha. Fikra na hisia zake hubadilika, akajilaumu kwa kupona ilhali wenzake walikufa, au akashindwa kuwafurahia hata watoto wake. Na mwili wake huwa macho muda wote: hashikwi na usingizi, hushtuka mlango ukigongwa, hukaa akiutazama mlango. Hali hii ikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi au ndoa, ni ugonjwa unaohitaji tiba. Tena unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuvua sare.

Vijijini hali hiyo hupewa maelezo mengine: amerogwa, ana majini, au miraa imemharibu. Dua ya imamu na maombi ya mchungaji humpa mtu faraja na watu wa kukaa naye, na hilo lina thamani kubwa. Lakini visichukue nafasi ya tiba. Kiwewe kinatibika. Tiba yenye ushahidi bora ni mazungumzo maalumu na mtaalamu, ambapo mgonjwa huongozwa hatua kwa hatua kulikabili tukio lenyewe. Zipo pia dawa za kundi la fluoksetini, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu na hazifai kuachwa ghafla. Vidonge vya kuleta usingizi kama diazepamu havitibu kiwewe, na vikitumiwa kwa muda mrefu huleta uraibu. Miraa na muguka huzidisha kukosa usingizi na wasiwasi, na pombe huharibu usingizi hata inapoonekana kuuleta.

Familia ina kazi yake. Akiota vibaya, usimshike wala kumtikisa. Simama mbali kidogo, mwite kwa jina, mwambie yuko nyumbani. Usimlazimishe kusimulia. Akianza kusema kwamba maisha hayana maana, usimwache peke yake, ondoa silaha na sumu za shambani, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuzungumzie haki. Bunge lilipitisha Sheria ya Maveterani wa Kijeshi mwaka 2022, na ustawi wa waliostaafu na wategemezi wao ukapata msingi wa kisheria. Jeshi lina mpango wake wa bima ya afya, DEFMIS, unaowahusu wastaafu wanaochangia. Mstaafu ahakikishe kama yumo, ni akina nani wa familia yake walioandikishwa, na vituo gani vya Pwani vinaupokea. Asingoje kuugua ndipo aulize.

Awe na DEFMIS au asiwe nayo, ajiandikishe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili hufanywa kwa kubonyeza *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii. Aliyesajiliwa hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya kupitia mfuko wa afya ya msingi. Matibabu ya hospitali, pamoja na huduma za afya ya akili, yanahitaji mchango. Aliye katika ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na mshahara hupimwa kipato cha nyumba yake, kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, zinazolipwa kwa mwaka mzima.

Aliyepata ulemavu kazini apimwe katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo hufungua njia ya vifaa vya kusaidia na nafuu ya kodi. Aliyefikisha miaka 70 aulize kwa chifu kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Wakongwe waliotumikia King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni, kabla ya uhuru, na wajane wao, wana mlango wa ziada: Royal Commonwealth Ex-Services League, shirika lililoanzishwa 1921, husaidia askari wa zamani wa taji la Uingereza walio katika dhiki. Hapa nchini njia ya kulifikia ni chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, ambacho wengi bado wanakijua kwa jina la zamani, KAFOCA. Aliyeajiriwa jeshini baada ya uhuru hahusiki na msaada huo, lakini chama ni chake pia.

Askari wa akiba wa polisi, ambao ni wengi Tana River, hawamo katika sheria ya maveterani wa jeshi. Kiwewe chao, hata hivyo, hutibiwa kwa njia zile zile, na SHA ni yao kama ilivyo ya kila Mkenya.

Haki hizi zote zinaanguka pale karatasi zinapopotea. Mafuriko yamechukua vyeti pamoja na nyumba. Weka nakala za kitambulisho, cheti cha kustaafu, namba ya jeshi, barua ya pensheni na ripoti za majeraha katika mfuko usiopenyeza maji, na nakala nyingine kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Piga picha za zote kwa simu. Mke ajue zilipo, maana mjane asiyejua namba ya jeshi ya marehemu huzungushwa ofisi kwa ofisi.

Linalobaki ni la kaunti, kwa kuwa huduma za afya ziligatuliwa mwaka 2013. Vituo vya Garsen, hospitali ya Ngao na ile ya rufaa ya Hola haviwezi kuwa hospitali za jeshi, wala havihitaji kuwa. Vinaweza kuongeza swali moja kwenye daftari la mgonjwa: je, uliwahi kutumikia jeshi au kikosi cha usalama? Jibu likiwa ndiyo, apimwe masikio, shinikizo la damu na sukari, na aulizwe maswali machache yanayojulikana ya kutambua kiwewe. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa vya kupimia Septemba 2023, wanaweza kuuliza swali hilo hilo nyumba kwa nyumba. Kaunti nayo ipange siku za mtaalamu wa afya ya akili kufika Ngao na Garsen kwa ratiba inayojulikana, na iombe jeshi lilete kliniki ya wastaafu mara kwa mara kutoka kambi zake za Pwani.

Nawe mstaafu unayesoma haya, usingoje swali hilo liandikwe daftarini. Ukifika zahanati, mwambie mhudumu mapema: nilikuwa jeshini, nilitumwa mahali fulani, na hili ndilo linalonisumbua. Ni sehemu ya historia yako ya kiafya, na mhudumu asiyeijua hawezi kukutibu ipasavyo.