Mashua ndogo za tanga: Zinavyoundwa na sheria za kuzishindanisha

MKAZI wa mtaa wa Kihoto mjini Naivasha hahitaji kufafanuliwa mashua ni nini. Ziwa lilipofurika mwaka wa 2020, na likarudia kufurika mwaka wa 2025, wapo waliohama nyumba zao kwa mashua, magodoro na masufuria yakiwa yamerundikwa katikati. Katika safari ya aina hiyo mtu hujifunza upesi kwamba uzito ukikaa juu mno, chombo hulala ubavu hata kama maji yametulia.

Somo hilo ndilo msingi wa mchezo ambao haujazoeleka sana kwetu, ingawa una wafuasi katika nchi nyingi duniani: kuunda na kushindanisha mashua ndogo za tanga zinazoongozwa kwa redio. Mwenye mashua hubaki nchi kavu, kisanduku cha kuongozea kikiwa mikononi mwake. Chombo chake, ambacho aghalabu hakizidi urefu wa mita moja, husafiri kwa nguvu ya upepo pekee. Hakina injini. Redio huwa na kazi mbili tu, nazo ni kugeuza usukani, na kulegeza au kukaza ile kamba ya tanga ambayo mabaharia wa pwani huiita demani.

Ziwa Naivasha lina upepo wa kutosha kwa shughuli hiyo. Jina lenyewe limetokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, yaani maji yanayochafuka. Asubuhi ziwa huwa shwari. Ifikapo alasiri upepo huvuma na mawimbi yakainuka. Wavuvi huujua utaratibu huo bila kuangalia saa.

Sisi tuliokulia mbali na bahari tulichonga mashua zetu kwa mabua ya mahindi na patipati kuukuu, tukazichomekea kijiti na karatasi kuwa mlingoti na tanga. Zote zilianguka ubavu mara tu upepo ulipozigusa. Tulidhani kosa lilikuwa la mikono yetu ya kitoto. Kumbe tungemwita hata fundi hodari wa Lamu atupunguzie jahazi lake kwa vipimo sahihi, nalo lingeanguka vilevile.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Chukua mashua ya mita 10, uipunguze iwe ya mita moja, kila kiungo chake kikipunguzwa kwa kiasi hicho hicho. Eneo la tanga litapungua mara 100, lakini uzito wa chombo utapungua mara 1,000, kwa kuwa uzito hufuata urefu, upana na kina kwa pamoja. Ukizingatia pia kwamba mlingoti umefupishwa na upana wa chombo umepunguzwa, nguvu ya upepo ya kuipindua mashua hupungua mara 1,000, ilhali nguvu ya uzito ya kuisimamisha tena hupungua mara 10,000. Upepo wa ziwani, nao, haukupunguzwa hata kidogo. Kwa hivyo mashua ndogo iliyo nakala halisi ya kubwa huwa dhaifu mara kumi mbele ya upepo ule ule.

Katika mashindano ya mashua huko Lamu, mabaharia hulitatua tatizo la kuinama kwa kutumia miili yao. Ubao mrefu husukumwa nje ya ubavu, upande upepo unakotoka, nao wanaume hujipanga juu yake ili uzito wao uipinge nguvu ya tanga. Ngalawa nayo hutegemea mirengu yake. Mashua ya redio haina baharia wa kuketi ubaoni. Ni lazima ibebe baharia wake chini ya maji, naye ni kipande cha risasi kilichofungwa kwenye ncha ya pezi refu jembamba linaloshuka kutoka tumboni mwa chombo. Watu wa pwani huuita uzito kama huo farumi. Jahazi hubeba farumi yake ngamani, ndani ya chombo, lakini mashua hii huishusha kadiri inavyowezekana, maana farumi ikishuka zaidi, hata uzito mdogo hufanya kazi kubwa.

Viwango vya mashindano huonyesha wazi jinsi jambo hilo linavyotiliwa maanani. Daraja linalojulikana zaidi kimataifa, ambalo mashua zake ni za mita moja, lilianzishwa mwaka wa 1988. Urefu wa chombo hauruhusiwi kuzidi milimita 1,000, kina chake milimita 420, na mashua nzima haipaswi kuwa na uzito ulio chini ya kilo 4. Katika hizo kilo 4, pezi na farumi huchukua kati ya gramu 2,200 na 2,500. Yaani zaidi ya nusu ya mashua ni uzito wa kuizuia isianguke! Matanga ni ya seti tatu, kubwa kwa upepo mwanana na ndogo kwa upepo mkali, nayo nyuzi za kaboni haziruhusiwi katika kiwiliwili cha chombo ili gharama isiwe kizuizi kwa wasiokuwa na mifuko mizito.

Kwa anayeanza, mimi ningependekeza daraja dogo liitwalo RG65. Urefu wake ni sentimita 65 na eneo la tanga halizidi mita mraba 0.225. Zaidi ya hapo muundaji ana uhuru mkubwa wa kubuni, na ni katika uhuru huo ndipo fundi wa mbao wa Naivasha anaweza kumshinda tajiri aliyenunua chombo kilichokwisha kuundwa.

Kazi yenyewe haihitaji karakana kubwa. Vipande vya plaiwudi hukatwa kwa umbo la taruma, vikapangwa juu ya ubao ulionyooka, chombo kikiwa kifudifudi. Kisha vipande vyembamba vya mbao nyepesi, vilivyopigwa randa hadi unene wa milimita tatu hivi, hupindwa juu ya taruma na kugandishwa kimoja kando ya kingine, kuanzia kwenye mkuku. Gundi ikikauka, msasa hupitishwa, na kitambaa cha faiba kikalowekwa kwa dawa yake na kufunika mbao zote ili maji yasipenye. Kila gramu unayoiondoa kwenye sitaha unaweza kuiongeza kwenye farumi, na ndiyo maana waundaji hodari hupima kila kitu, hata rangi. Matanga hushonwa au kugandishwa kwa karatasi nyembamba ya plastiki isiyonyumbuka. Kitambaa cha mwavuli pia hufaa. Polithini ya vibanda vya maua, ambayo ni tele Naivasha, itakudanganya, kwani hunyooka na kupoteza umbo upepo unapozidi.

Hapa pana onyo. Risasi ni sumu, na njia rahisi ya kuipata, yaani kuvunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi yake jikoni, ndiyo njia mbaya kuliko zote. Wakenya hawajasahau yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na sumu ya risasi kutoka kwa kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu. Mtoto asikaribie moshi huo kamwe. Vipande vya chuma vilivyopangwa vizuri na kufunikwa kwa dawa ya faiba vitaifanya farumi iwe nene kidogo na mashua iwe nzito kuendesha, lakini havitamdhuru mtu.

Baada ya uzito huja mizani ya tanga. Mkabala wa katikati ya tanga na katikati ya pezi ndio uamuao tabia ya chombo. Nguvu ya tanga ikiwa nyuma mno, mashua hujigeuza yenyewe kuelekea upepo na kusimama, matanga yakipapatika; ikiwa mbele mno, huukimbia upepo na kukataa kubisha. Tiba ni kuusogeza au kuuinamisha mlingoti kidogo kidogo. Fundi mwenye subira huweza kuimaliza alasiri nzima akifanya hivyo.

Mafundi wetu wa pwani hawana geni la kuambiwa kuhusu vyombo vidogo. Mtepe, kile chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila misumari, ulitoweka mapema katika karne ya 20. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu mtepe leo tunayajua kwa sababu palikuwa na watu waliounda vielelezo vidogo vyake, na kimoja kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu. Mji huo huo wa Lamu ndiko ilikozinduliwa mwaka wa 2018 Flipflopi, mashua ya tanga iliyoundwa kwa taka za plastiki na kupambwa kwa patipati zipatazo 30,000 zilizotupwa. Patipati zetu za utotoni zilikuwa na ndugu zenye bahati zaidi.

Kuhusu mashindano, msomaji huenda akadhani kwamba mashua za kuchezea zina sheria za kuchezea. Sivyo. Hufuata kitabu kile kile cha sheria kinachofuatwa katika Michezo ya Olimpiki, ambacho Shirikisho la Tanga Duniani hukifanyia marekebisho kila baada ya miaka minne. Toleo linalotumika sasa ni la 2025 hadi 2028. Mashua za redio zimetengewa nyongeza yake mwishoni mwa kitabu hicho, iitwayo Nyongeza E, inayobadilisha machache.

Sheria kuu ni ya nani ampishe nani. Mashua mbili zikikutana, moja ikipata upepo kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia, ya kushoto hupisha. Zikiwa zote zinapata upepo kutoka upande mmoja na ziko sambamba, iliyo karibu na upepo unakotoka humpisha mwenzake aliye chini yake. Iliyo nyuma humpisha aliye mbele. Naye anayegeuka kupindua tanga huwapisha wengine hadi amalize kugeuka. Hata hivyo, mwenye haki ya njia hana ruhusa ya kugonga: akiona wazi kwamba mwenzake hapishi, sharti aepuke. Aidha, akibadilisha mwelekeo wake ghafla, ni lazima ampe mwenzake nafasi ya kumpisha.

Penye boya la kuzungukia ndipo kelele huzidi. Mashua ya kwanza ikifika umbali wa mara nne ya urefu wake kutoka kwenye boya, iliyo upande wa ndani hustahili kuachiwa nafasi ya kuzunguka. Kwa vyombo vikubwa umbali huo ni mara tatu. Vidogo vimeongezewa kwa kuwa macho ya nahodha yako mbali na chombo. Kwa sababu hiyo hiyo, anayeita sharti ataje namba ya tanga tarakimu moja moja: mashua namba 15 huitwa "moja, tano", wala si "kumi na tano". Ukiwa na vyombo kumi vilivyosongamana mita 50 kutoka ufuoni, utaelewa haraka faida ya utaratibu huo.

Kuanza nako huendeshwa kwa sauti. Katika dakika ya mwisho mwamuzi huhesabu kila sekunde kumi, kisha sekunde kumi za mwisho huzihesabu moja moja. Aliyevuka mstari kabla ya wakati hurudi nyuma na kuanza upya, huku wenzake wakimwacha.

Lakini jambo ambalo mimi limenivutia kuliko yote ni kwamba hakuna kipenga. Aliyevunja sheria hujihukumu mwenyewe: hujitoa kwenye msongamano na kuizungusha mashua yake mzunguko mmoja kamili, kisha huendelea. Akiwa ameharibu chombo cha mwenzake vibaya, hujiondoa kabisa. Asipokubali kosa, mwenzake hutangaza namba yake na ya anayelalamikiwa, na kesi husikizwa baada ya mbio, mashahidi wakiwepo. Neno kihooto katika lugha ya Gikuyu lina maana ya haki, au hoja ya kweli isiyopingika, na sidhani kuna neno linalofaa zaidi kuueleza mchezo usio na refa. Zipo pia nafuu kwa aliyeonewa, mathalani mashua iliyolemazwa na chombo kilichopaswa kupisha, au iliyopotezwa na mawimbi ya redio kutoka nje. Sheria hazikumtaja kiboko.

Na kiboko si mzaha Naivasha. Maji yaliyoingia Kihoto si uwanja wa kuchezea: chini yake mna nyua, nguzo na vyoo vilivyozama, na viboko hufuata maji yanakokwenda. Isitoshe, gugumaji hulinasa pezi refu kama wavu unavyomnasa samaki, na kila mashua inayokwama humshawishi mwenyewe kuingia majini kuifuata. Mchezo huu wahitaji maji wazi yenye kina kinachozidi pezi, upepo usiozuiwa na miti, na mashua ya uokoaji yenye mtu mzima aliyevaa jaketi la kuokolea. Bwawa safi la maji lililo na ruhusa ya mwenyewe lafaa kuliko ufuo wa ziwa.

Kabla ya kufika huko, hodhi la kunyweshea ng'ombe latosha kwa jaribio la kwanza, mradi pezi lisiguse chini. Ielaze mashua ubavu hadi ncha ya mlingoti iguse maji, uishike hapo kidogo, kisha uiachilie. Ikisimama mara moja na kutulia, farumi yake inatosha, na unaweza kuanza kufikiria rangi ya kuipaka. Ikisuasua, ongeza uzito kwenye ncha ya pezi au ufupishe mlingoti, urudie tena.